Fielder yalia kre kre ndani, nikimpakia mke wangu yanyamaza. Wa Malindi nisaidieni

mwanaMambrui:

Assalaam aleikum jamani. Mwenzenu nina Toyota Fielder ya 2010, kila siku naenda nayo Mambrui–Malindi kazini na kurudi. Injini iko sawa, gia yaingia vizuri, haili oili, lakini ndani kuna kisauti chanimaliza. Kre kre kre kre, kama mtu anagonga kucha kwenye sahani ya plastiki, upande wa kushoto, mara nasikia kama yatoka kwenye dashibodi karibu na kioo cha mbele, mara kama iko nyuma ya sikio langu. Kwenye lami nzuri sisikii kitu, nikiingia kwenye viraka au ile njia ya vumbi ya kuingilia kwetu ndo yaanza, na nikipita tuta yalia mara mbili tatu halafu kimya.

Sasa kinachonichanganya ni hiki. Nikimpakia mke wangu hapo mbele, sauti hamna kabisa. Asubuhi tunatoka pamoja, ana kikapu chake cha sokoni hapo miguuni, tunapita njia ileile mwendo uleule hadi daraja la Sabaki hadi mjini, kimya. Nimemchukua makusudi mara nne ili asikie. Yeye aniona nasikia vitu ambavyo haviko. Nikimshusha tu sokoni, sijafika hata kwa petroli, kre kre kre.

Ilianza mwezi uliopita baada ya kupeleka gari gereji moja kutengenezwa AC, walifungua fungua upande wa abiria wakatoa feni wakasafisha. Nimerudi kwao mara mbili, sa hii wanasema dashibodi yote ing'olewe ndo watajua, siku mbili za kazi. Mimi sitaki, dashibodi ikishang'olewa mara moja hairudi kama ilivokuwa. Nimetoa tasbihi kwenye kioo, nimetoa sarafu, miwani, chupa za maji, kila kitu, bado. Kama kuna aliepitia hii naomba anisaidie, maanake imefika mahali nafungulia redio juu ili nisisikie, na hiyo si tiba.

bintiGede:

Waaleikum salaam kaka. Mkeo asikia sawa na wewe wasikia sawa, wala hakuna mwenye kosa. Angalia mkanda wa siti ya abiria! Akikaa anafunga mkanda sivyo? Ukiwa peke yako ule ulimi wa chuma wa mkanda waning'inia pale kwenye nguzo ya katikati na nyuma yake ni plastiki tupu, gari ikitikisika wagonga gonga pale, na nguzo yenyewe iko karibu na usawa wa masikio ndo maana wasema mara yatoka nyuma ya sikio.

Mimi nina Nissan Note, nilisumbuka miezi mitatu, nikabadilisha mpaka shoki za nyuma, pesa zikaenda na kisauti kikabaki palepale. Kumbe ni ulimi wa mkanda wa siti ya nyuma. Siku nilipoufunga bila mtu nilisimamisha gari kando pale karibu na msitu wa Arabuko nikakaa tu nikasikiliza kimya. Kwa hivo leo ukitoka kazini funga huo mkanda wa abiria kwenye siti tupu, uendeshe, utupe jibu. Haigharimu kitu.

FundiMaweni:

Dada wa Gede kasema jambo la maana lakini tusikimbilie, maanake mtu akikaa kwenye siti habadilishi kitu kimoja tu. Anafunga mkanda, ndio. Pia anaongeza uzito upande ule, springi na bushi (raba za viungo) na linki (vyuma vya kuunganisha) za chini zinakaa tofauti. Pia siti yenyewe inabanwa, reli zake na kichwa chake havichezi. Vyote hivyo vinaweza kunyamazisha sauti. Sasa ukitaka kujua ni kipi lazima uvitenganishe. Siku moja funga mkanda bila mtu, kama alivosema. Siku ya pili fungua mkanda uning'inie kama kawaida lakini weka uzito wa kama kilo 50 kwenye siti, pita njia ileile. Ikinyamaza kwa mkanda peke yake, ni mkanda. Ikinyamaza kwa uzito peke yake, njoo tuangalie chini ya gari.

Na hiyo ya kuja tuangalie chini siisemi kwa kutafuta kazi. Nataka nieleze vizuri kwa sababu watu wanachanganya sauti zote waziita kelele ya gari. Kre kre nyepesi ya plastiki haiui mtu. Lakini ukisikia kong, kong, nzito, unaisikia mpaka kwenye sakafu ya miguu, hasa unapopita tuta taratibu au unapokata kona, hiyo usiitafute kwa feliti (kitambaa kizito cha kubandika) na sponji, hiyo ni linki ya stebilaiza (chuma kinachozuia gari kulala kwenye kona) au bushi au boljointi (kiungo kinachoshika gurudumu), na boljointi ikichomoka gurudumu linalala ukiwa barabarani. Hiyo kwanza ndo unaimaliza, halafu ndo uje kwenye mambo ya dashibodi. Na tafadhali ukiinua gari usiingie chini kwa jeki peke yake, weka stendi.

Halafu jiulize sauti yafuata nini. Ikifuata barabara, yani ukizima injini ukiwa wateremka bado ungeisikia, ni kitu kilicholegea kwenye bodi au chini. Usijaribu kuzima injini kweli ukiwa njiani, stelingi yawa nzito na breki zaisha nguvu, weka gia nyutro kidogo tu mahali wazi inatosha. Ikifuata injini, umesimama kwenye taa au kwa petroli, AC iko on, na yalia, ukikanyaga mafuta kidogo yabadilika, hiyo ni mtetemo wa injini, angalia mauntingi za injini (vikalio vyake vya raba) na mabati ya ekzosi (bomba la moshi). Ikifuata kujipinda kwa bodi, yani yalia pale gurudumu moja lapanda ukingo na mengine yako chini, mara nyingi ni milango, raba za milango, au buti ya nyuma.

Na kuna kugonga na kuna kukwaruzana. Kre kre ni vitu viwili vigumu vyenye nafasi katikati, dawa yake ni kukaza au kujaza nafasi. Nyii nyii ni vitu viwili vilivyobanana vinasuguana, huko ukijaza tena waongeza kelele, dawa yake ni kilainishi au kitambaa katikati. Yako wewe kwa maelezo ni ya kugonga.

Mokowe_LC:

Salaam toka Mokowe. Nakubaliana na fundi, ila ongezeni na bati la kuzuia joto juu ya ekzosi. Sisi huku pwani chumvi ya hewani yala vile viboliti vyake, tundu la bati lapanuka, bolti yabaki lakini kichwa chake chapita kwenye tundu, bati lacheza. Ukiwa ndani wasikia kama liko chini ya siti kabisa au ndani ya dashibodi. Langu lilikuwa lalia kama bati la paa wakati wa kusi. Sikulitoa, maana kazi yake ni kulinda sakafu na waya zisiungue na pia majani makavu yasishike moto, nilizungusha klempu mbili za mpira wa maji zile za chuma cha pua nikakaza juu ya bati na bomba pamoja, mwaka wa pili sa hii halijasema neno. Ekzosi iwe baridi kabisa lakini, nilijichoma mara ya kwanza.

Jaribu ni kupiga ngumi taratibu kwenye bomba la ekzosi toka mbele mpaka silensa, gari ikiwa imelala usiku kucha. Bati lililolegea litajitaja lenyewe.

Na jeki! Watu wengi wakishabadilisha tairi wairudisha jeki mahali pake bila kuikaza. Zile jeki za skrubu inabidi uzungushe mpaka ipanuke ibane kwenye kikalio chake. Wilispana (spana ya nati za tairi) nayo uifunge kwa kitambaa.

Kuhusu uzito kama uko Mambrui chukua gunia la chumvi pale Gongoni uweke kwenye siti, kilo 50 hizo.

FundiMaweni:

Chumvi usiweke ndani ya gari kaka. Gunia latoa unyevu, chembe zaingia chini ya kapeti, na ile sakafu na reli za siti na waya zilizopita pale zitaanza kula kutu bila wewe kuona. Mchele au unga. Na usitumie mitungi ya maji, maji yacheza na yenyewe yatoa sauti utachanganyikiwa.

Bati la ekzosi sawa kabisa, umesema kweli.

mwanaMambrui:

Nimerudi. Kwanza shukran sana kwa wote, sikutarajia mtu aandike yote hayo kwa ajili ya kisauti.

Jana jioni nilifunga mkanda bila mtu. Ile sauti ya nyuma ya sikio imeisha! Wallahi nilifungua nikafunga mara tatu njiani, nikifungua yarudi nikifunga yaisha. Dada wa Gede Mungu akuweke. Lakini kumbe zilikuwa mbili. Sasa hiyo imeondoka ndo nasikia vizuri ile nyingine, iko mbele, nyepesi zaidi, chk chk chk chk, haraka haraka, kwenye viraka vidogo vidogo ndo yazidi.

Leo nikaweka gunia la mchele kilo 50 kwenye siti ya abiria, mkanda nimeufunga ili usinichanganye. Ile ya mbele bado yalia vilevile. Kwa hivo si uzito. Lakini mke wangu akikaa yanyamaza! Nimempakia tena leo asubuhi kuhakikisha, kimya kabisa. Sasa mtu ana nini ambacho mchele hauna? Nimekwama.

bintiGede:

Alhamdulillah kwa ule mkanda. Kibandike kipande kidogo cha feliti kwenye plastiki pale ulimi unapogonga, zile za kubandika chini ya miguu ya viti visikwaruze sakafu, zauzwa kwa hadiwea, hutalazimika kufunga mkanda kila siku. Mikanda mingine ina kifungo kidogo cha plastiki chenye kazi ya kuuzuia ulimi usishuke, angalia kama chako hakijakatika.

Kwa hii ya pili jaribu njia ya besi. Egesha gari mahali kimya, zima injini, feni ya AC zima, chukua programu ya kutoa toni kwenye simu uunganishe na redio ya gari, anza chini hezi 30 hivi upandishe polepole mpaka 200. Kila kitu kilicholegea kina toni yake, ukiifikia kitaanza kulia chenyewe gari imesimama, na hapo wewe una mikono miwili ya kubonyeza na masikio yako waweza kuyasogeza. Usifungulie sana spika zitapasuka. Mimi hufanya usiku kule barabara ya Casuarina kukishatulia, kuna upepo wa bahari lakini vioo vikifungwa ni sawa.

Na usiamini sikio lako ukiwa umekaa siti ya dereva. Kioo cha mbele chaakisi sauti, kitu kiko chini magotini wewe wakisikia juu kwenye kioo.

FundiMaweni:

Kaka umeuliza swali zuri, mtu ana nini ambacho mchele hauna. Ana magoti. Na ulisema mwanzo kabisa ana kikapu cha sokoni miguuni, mimi nilipita juu ya hayo maneno nikaenda kwenye uzito. Hebu angalia kesho akikaa, magoti yake au kikapu vyaegemea wapi. Nahisi vinabana droo ya dashibodi, ile anayofungua abiria kuweka karatasi.

Na gereji walifungua nini kusafisha feni ya AC? Toyota nyingi za umri huo ukishusha hiyo droo ndo unakuta fita (chujio) ya hewa ya AC, imefunikwa na kifuniko chembamba cha plastiki chenye vishikio viwili kando. Kifuniko kikiingia upande mmoja tu, upande wa pili wabaki wacheza. Na ile droo yenyewe ina vijiraba viwili vya kupokea mlango wake, na nyingi zina kijimkono cha plastiki kando kinachoizuia isianguke kwa kishindo. Mtu mwenye haraka hurudisha droo bila kijimkono au kijiraba chadondoka hakioni.

Fanya hivi: endesha wewe, mtu mwingine akae nyuma katikati, si mbele, anyooshe mkono abonyeze droo kwa kiganja. Ikinyamaza, umepata. Usiiname wewe ukiendesha, nimeona gari imeingia mtaroni kwa hiyo.

Kuifungua hiyo droo ni rahisi, huhitaji kung'oa dashibodi. Toa vitu vyote, chomoa kijimkono, bana kuta zake mbili kwa ndani zipite vizuizi, yashuka yenyewe. Kama kuna plastiki ya kubandua usitumie bisibisi, yaacha alama na klipu zavunjika, tumia mwiko mwembamba wa mti. Na kitu kimoja nakuomba ukishike: waya zenye ala ya manjano na soketi za manjano ni za eabegi (mfuko wa hewa wa kumkinga mtu ajali ikitokea), usizichomoe, usizifunge pamoja kwa kamba, usijaze sponji juu ya dashibodi upande wa abiria wala kwenye nguzo za kando ya kioo cha mbele, baadhi ya magari yana eabegi humo, ikihitajika itoke itatoka na kila ulichokiweka pale. Kama lazima uguse karibu na hapo, toa kwanza nguzo hasi ya betri, subiri angalau sekunde 90, ndo uguse.

Sponji ya godoro pia hapana. Watu wengi hutumia kwa sababu ipo nyumbani, lakini yanyonya unyevu na kwa joto letu la kaskazi yageuka unga ndani ya mwaka, halafu ule unga waingia kwenye feni. Feliti, au ule upande laini wa velkro.

mwanaMambrui:

Jamani imepatikana.

Nilimwangalia mke wangu asubuhi akipanda. Kikapu chini, magoti yake kwenye droo, kabisa, yamekaa pale kama yamepimwa. Nilimwambia asogeze siti nyuma na kikapu akiweke nyuma, tukaendesha. Chk chk chk chk! Akanishika mkono akasema "ndiyo hiyo?" Nikamwambia ndiyo hiyo. Mwezi mzima namwambia. Nilifurahi kuliko kama nimenunua gari mpya, maana sasa kuna mtu wa pili amesikia.

Jioni nikashusha droo vile fundi alivoeleza, dakika tano. Kifuniko cha fita kimeshika upande wa kulia tu, upande wa kushoto kimekaa nje, ukikigusa kwa kidole ndo sauti yenyewe kabisa. Na hapo chini kwenye kona nimekuta skrubu moja imelala, nyingine imefungwa nusu. Kijiraba kimoja cha droo hamna, sijui kilienda wapi. Nimerudisha kifuniko mpaka kikalia tak pande zote mbili, nimekaza skrubu, nimetafuta kwa tochi mahali pa ile iliyolala nikapaona pale kwenye ukingo wa chini wa droo, na penye kijiraba nimeweka feliti tabaka mbili. Fita nayo ilikuwa nyeusi na majani ya mvinje ndani, nimeitoa kesho ntanunua nyingine.

Leo nimepita ile njia ya vumbi peke yangu, redio nimezima, vioo juu. Nimesikia tairi na changarawe tu. Nikapita mara ya pili kuhakikisha.

Gereji sikurudi kugombana. Ila inaniuma kwamba kazi ya kubana kifuniko ilikuwa igeuke kazi ya kung'oa dashibodi nzima, na ningelipa.

Mokowe_LC:

Hongera sana. Hata hivo piga na lile bati la ekzosi siku moja, kwa hewa ya Mambrui halina miaka mingi.

shangaziWaMuyeye:

Samahani naingilia, yangu ni ile ya nyii nyii, mlango wa nyuma, Vitz. Asubuhi hamna, ikifika saa sita saba jua limewaka ndo yaanza, hasa nikikata kona kuingia kwangu. Nimepaka mafuta ya nazi kwenye raba ikatulia siku mbili ikarudi mbaya zaidi.

FundiMaweni:

Shangazi hiyo ni raba ya mlango, imekauka kwa jua na sasa yasuguana na rangi ya bodi. Mchana plastiki na raba zapanuka, zabanana zaidi ndo maana saa sita. Mafuta ya nazi yashika vumbi na yanachacha, na mafuta ya jeli ya kujipaka au grisi ndo mabaya kabisa, yavimbisha raba. Chukua kitambaa na maji ya sabuni kidogo, futa raba yote na pale inapogusa bodi mpaka kitambaa kitoke cheupe, acha ikauke, halafu silikoni ya kupuliza, puliza kwenye kitambaa kwanza ndo upake, usipulizie moja kwa moja isiende kwenye vioo na breki. Kwa jua letu rudia kila miezi mitatu minne.

Ikibaki baada ya hapo, angalia kile chuma cha mlango kinachopokewa na loki, kikwangue uchafu, zungushia tepu nyembamba ya kitambaa raundi moja tu. Mlango ukifunga kwa shida toa tepu, usilazimishe loki.

shangaziWaMuyeye:

Ahsante mwanangu. Nina sabuni na kitambaa, silikoni ntamtuma kijana mjini kesho. Ule wa pili, wa chuma cha loki, ntakuletea gari mwenyewe uangalie.